Sifuri ya Chaki

Asubuhi hiyo mlango wa choo uliandikwa sifuri, na mke wa fundi betri akaisoma mara mbili kwa hofu.

Ilipasa afurahi. Wiki tatu nyuma namba ilikuwa saba. Ikashuka sita, ikashuka tano, na siku ilipoanguka tatu alishindwa kujizuia, akampigia mumewe makofi palepale koridoni, unga ukimruka mikononi. Mume akarudisha chaki mfukoni. Akauliza, "Umefurahi?" Naye akajibu, nisifurahi kwa nini, siku hii si ndiyo nimekuwa nikiiombea? Mume akaingia chooni, akajifungia, hakutoka hata kula.

Tangu hapo hofu ikamkaa kifuani. Namba zilisema hivi, mtu mwenyewe alisema vile. Mtu wa namba mbili haendi mezani akishika ukuta. Mtu wa namba moja hampi jirani redio yake ya miaka yote, eti haimfai tena.

Habari ya namba ilitoka kwa nesi. Fundi alikuwa na ugonjwa wa utumbo, ule wa kuvimba na kutoa damu, unaolala miezi kisha ukaamka bila hodi. Dawa ziliutuliza utumbo, lakini uchovu haukusikia dawa. Mwaka uliopita, amejilaza mchana kweupe, alimwambia mkewe taratibu kwamba bora asiwepo, watu wapumzike. Nesi aliposikia hakukemea wala hakucheka. Alisema mwili ukichoka namna hiyo, moyo nao huchoka. Basi wapime uchovu kila asubuhi: sifuri, hana uchovu, kumi, hajiwezi. Ikifika nane, aletwe siku hiyohiyo, wasingoje kesho.

Nesi alipokuwa akiyasema hayo, mgonjwa alikuwa, kama kawaida yake, chooni. Mkewe ndiye aliyeufikisha ujumbe nyumbani, na mume, bubu wa kujitakia, aliuliza swali moja tu: namba ya nini?

"Ya hali yako, jamani. Sifuri hadi kumi. Namba si ndiyo kazi yako?"

Fundi akachomoa mfukoni chaki ya karakana. Akauchagua mlango wa choo, kwa sababu, alisema, katika nyumba hii ndio unaomjua vizuri zaidi. Siku hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kila Jumatatu mke alimsomea nesi namba kwenye simu. Nesi akafurahi, akaisogeza miadi mbele mwezi mzima. Wifi yake alimtania kwamba yeye hana jema: mgonjwa akizidiwa analia, akipata nafuu analia. Wacha wacheke. Yeye alikuwa na hakika na jambo moja, kwamba mumewe anadanganya. Anaandika vinamba vidogo ili asirudishwe hospitali. Na anayeficha uchovu ataficha na lile jingine, lile alilolisema mwaka uliopita.

Sasa sifuri. Akakimbilia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kitu ambacho fundi hakuwahi kukifanya tangu waoane. Dawa za asubuhi zilikuwa mezani, hazijaguswa. Mke akatoka na ndala za kuogea, hakufunga hata mlango. Kutoka pale hadi karakana ni mitaa mitatu, na katika yote mitatu alikuwa akisema kwa sauti, ee Mungu, nimkute, nimkute tu.

Alimkuta. Amekaa juu ya kreti nyuma ya chaja, mgongo ukutani, macho kwenye sakafu. Mke akaizunguka meza, akamfikia. Alipopata pumzi, hofu yote ikamtoka kama hasira.

"Unanidanganya. Zile namba zako, tangu mwanzo unanidanganya."

Fundi aliinua uso. Ulikuwa na rangi ya jivu.

"Mimi? Sijakudanganya hata siku moja."

Kabla mke hajamjibu, dereva wa lori akaingia amekumbatia betri, akaitua chini kwa kishindo. Alilalamika kwamba ameichaji wee, lakini gari haliwaki. Fundi akainama kwa shida, akagusisha nyaya mbili za kipimo. Mshale haukutikisika. Akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa betri sifuri kubwa, yenye kimkia juu kama ile ya mlangoni.

"Hii haina kitu," akamwambia dereva. "Imekwisha."

Akamwonyesha rafu kwa kidevu, aazime moja iliyojaa chaji. Dereva akapitisha kidole kwenye namba za chaki, akaiacha nne, akaiacha sita, akabeba ya kumi, akaondoka.

Mke alibaki akiitazama rafu. Kisha akaitazama betri iliyoachwa sakafuni. Akapiga magoti mbele ya kreti, akamshika mumewe mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu za kuumiza.

"Nilikuandikia kila siku," fundi alisema, wala hakuwa na hasira. "Ilipofika tatu ukapiga makofi. Nikajua na wewe umenichoka."