Tunamleta

Mwajuma alisikia kicheko kwanza, ndipo akaiona machela.

Ilikuwa ikipanda mlima taratibu kati ya migomba, mabegani mwa wanaume. Kilichobebwa kilikuwa kirefu, kimefunikwa gubigubi kwa msuli wa kijani. Msuli huo aliufua mwenyewe juzi. Mumewe, Salehe, alishuka nao mjini Morogoro jana alfajiri, kwenye begi.

Salehe ndiye aliyesimama mbele ya wenzake kukikataa kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Wapima ardhi walikuwa wamekwisha kuchimbia nguzo zao za zege hadi katikati ya shamba la mpunga la Mwajuma, kule bondeni. Wiki iliyopita, sokoni, mtu asiyemjua alishusha kioo cha gari akamwambia Salehe, "Endelea tu na mdomo wako. Mtazikana huko kwenu." Jana akaitwa kwenye mkutano mjini. Tangu jioni simu yake haipatikani.

Na leo mchana akapiga Abasi, mtani wa ukoo wao. "Mtani, bandika maji. Tunamleta." Simu ikakatika.

Maji yalikuwa yakichemka jikoni. Hakuthubutu kujiuliza ni ya nini.

Angecheka mtu mwingine, Mwajuma angepata moyo. Lakini aliyekuwa akicheka ni Abasi, na kazi ya mtani msibani ni hiyo: wenyewe wakilia, yeye anacheka. Siku ya kumzika mama yake Mwajuma, Abasi aliingia kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Kicheko kikazidi kusogea.

"Ya Rabi," akanong'ona, "nipe nguvu ya kusimama tu. Mengine nitayaomba baadaye."

Machela ikatokeza uwanjani. Waliobeba mbele aliwatambua mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama usoni. Waliobeba nyuma walifichwa na mzigo, bado wako chini kwenye mteremko. Abasi alitangulia, amevaa kanga ya mkewe kichwani, kama watani wafanyavyo.

"Amekufaje, Abasi?"

"Kafia mjini, mbele ya wakubwa. Hata maji hakuomba."

"Nani kamuua?"

"Sisi sote tulimkaba, mtani. Usituitie polisi."

Wanaume wakainamisha vichwa. Mmoja mabega yalimtikisika.

"Abasi, leo niache. Nakuomba."

"Nikuache vipi, na mfiwa ni wewe? Huyu si ndiye aliyekuja kwenu mikono mitupu, akataka shamba lote la ukoo wako?"

Ndio utani aliomtania Salehe tangu siku ya ndoa, kwa kuwa alihamia ukweni kulima ardhi ya mkewe. Mwajuma akashika fremu ya mlango. Alikumbuka jinsi Salehe alivyokuwa akiucheka utani huo kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia. Alijua kwamba akilia sasa hataweza kunyamaza tena, na kulikuwa na kazi ya kufanya. Kulikuwa na Furaha, mtoto wao, wa kumweleza.

"Mshusheni," akasema. "Nataka kumwona uso."

"Una uhakika? Hana sura nzuri."

"Mfunue, Abasi."

Abasi akauvuta msuli. Chini yake ililala nguzo ya zege, ingali na tope la shamba lake la mpunga, imeandikwa kwa mkaa ubavuni: KITUO KIMEFUTWA.

"Mama Furaha," Salehe akasema kutoka nyuma ya machela, akihema, "chai iko wapi? Marehemu huyu ameniua bega."