Pipa la Mama Wakesho

Jumatatu, tarehe tisa Julai. Asubuhi hiyo manyunyu yaliangukia mahema ya wajenzi wa bwawa. Koplo Mwakio alisimama mbele ya kibanda cha Mama Wakesho akiwa na sululu. Amri ya inspekta ilikuwa fupi: kila pipa la gongo litobolewe kitako mbele ya mashahidi.

Mashahidi hawakukosekana. Kazi zilikuwa zimekauka nchi nzima, na wanaume thelathini waliokuja kutafuta kibarua walipanga foleni na vikombe vyao vya bati, kwa kuwa pipa lilelile la gongo ndilo lililokuwa likipikiwa uji wa asubuhi.

"Afande, toboa polepole," mmoja alisema. "Uji wetu haujaiva."

Wenzake wakacheka. Mama Wakesho hakucheka. "Utatoboa, mwanangu. Ila ngoja niwapakulie. Wengine hawajala tangu juzi."

Koplo akangoja. Alimwona mzee mmoja akikomba kikombe kwa kidole.

Uji ulipokwisha, Mama Wakesho alileta mrija wa shaba wa kukenekea gongo, unaogeuza mvuke kuwa pombe, akaulaza miguuni pa koplo. Akaweka kiganja juu ya pipa.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, hili halitapika tena ila uji."

Koplo aliinua sululu, akauponda mrija mpaka ukawa bapa. Manyunyu yalikuwa yakidondoka ndani ya pipa tupu. Akaigeukia foleni.

"Nami mnisikie. Inspekta akiniuliza, sitasema nimelitoboa. Nitamwambia nimeliacha, na kwa nini."