Upande wa Dereva

Pale gereji ya Molepolole, Gaone alikuwa akiizunguka pikapu ya marehemu mumewe, hawezi kutulia. Ilikuwa imeinuka upande wa dereva na kulala upande wa abiria.

"Chesisi imepinda, shemeji," alirudia mdogo wa marehemu. "Niuzie mimi kabla haijawa chuma chakavu."

Fundi alitoka uvunguni, kutu imemjaa kwenye nyusi. "Chesisi imenyooka kabisa. Huku mbele kuna vyuma viwili virefu vinavyojisokota kubeba gari, kila kimoja na boliti yake; ukiikaza, upande huo unainuka. Cha dereva kimekazwa mno. Mumeo alikuwa mtu wa mwili?"

"Mno! Kiti kilikuwa kinalia akikaa."

"Basi aliinua upande wake, ili akikaa gari lisilale. Kazi hii haifanyi mtu mmoja. Lazima kuna aliyemshikia taa."

Gaone aligeuka. Shemeji yake alikuwa akijikuna shingo, macho chini.

"Ulikuwa unajua?"

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Legeza, fundi," Gaone alisema, bila kumwondolea macho. "Legeza mpaka gari likae sawa nikiendesha mimi. Na wewe, shemeji, nipe ule ufunguo wa akiba wa gari ulio nao."