Mtungi Usiooshwa

“Hivi Felisia, pombe yako inachachaje na hamira hununui?” jirani aliwahi kumuuliza. Felisia alicheka tu. Siri ilikuwa ya mumewe, Anselmi: mtungi hauoshwi. Machicha kidogo yanabaki chini, ndiyo yanayochachusha pombe mpya, na hela ya hamira inanunua chumvi.

Anselmi alizikwa kabla ya mavuno. Tangu hapo, kila Jumapili akitoka kanisani, Felisia aliyalisha machicha ya mwisho aliyoyaacha mumewe konzi ya unga wa ulezi, yasife. Alikuwa akiyatunzia pombe ya kuondoa tanga. Watakaokuja wangeonja mkono wa marehemu.

Asubuhi ya kupika alimkuta mke wa mwanawe, Skola, aliyefika jana yake kusaidia, akijifuta jasho kando ya mtungi.

“Mama, ulikuwa unanuka huu! Nimeusugua kwa mchanga na sabuni mpaka mikono imekufa ganzi.”

“Na yaliyokuwamo?”

“Yale makapi? Nimewamwagia kuku. Leo watalewa hao!” Skola alicheka, kisha akauona uso wa mama mkwe wake. “Nitakununulia hamira, mama. Ni rahisi tu.”

Felisia aliingiza mkono mtungini, akapapasa mpaka chini kabisa, akautoa na kuunusa. Sabuni.

“Ahsante, mwanangu. Umechoka, kapumzike.”

Akachukua bakuli, akatoka kuelekea waliko kuku, kutafuta yaliyobaki.