Zamu ya Kubeba

Zama hizo uchungu wa mzee haukukaa kwa mzee. Kijana wa nyumbani alivishwa bangili, akaubeba yeye kwa mwaka mzima, na adabu ilikuwa moja: abebaye halalamiki.

Kalunde alimbebea bibi yake, Nyamizi. Kwa wiki kadhaa panja la kulia lilimgonga, ngozi ya kichwa ikamchoma chanuo likigusa, na taya likamchoka kwa kutafuna kisamvu tu.

"Mjukuu wangu, mbona umekunja uso kama uliyelamba ndimu?" bibi alimtania, akiguguna mahindi ya kuchoma bila shida.

"Nimechoka tu, bibi."

Asubuhi moja, jua limejaa uani, bibi akauliza, "Nani kafunga dirisha la upande huu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jicho lake la kulia ndilo lililozimika.

Daktari akawaeleza. Askari wa mwili walikuwa wameingia kwenye ukuta wa mshipa wa damu wa kichwani, wakaungana kuwa seli kubwa kubwa. Ukuta ukavimba, njia ikabana, damu ikashindwa kufika jichoni.

"Dawa ipo, ila kwa jicho hili tumechelewa. Bibi hukuumwa kichwa?"

"Mimi? Hata siku moja."

"Niliumwa mimi," Kalunde akasema, machozi yakimlengalenga.

Bibi akampapasa mkono, akaishika bangili. "Nirudishie uchungu wangu, mama. Ndio uliokuwa ukiniita."

"Haivuliki, bibi, mpaka mwaka uishe."

Ndipo Kalunde akajishika kichwa.

"Daktari," akasema kwa sauti, "sasa linagonga na panja la kushoto."