Sababu ya Kamanda

Karatasi zikaruka tena. Mama Chai akalikinga sinia kwa kiganja zisije zikatua kwenye vikombe.

"Kwa nini anaasi?" mwandishi mkuu wa tamthilia alifoka. "Kamanda ameacha cheo, ameacha nyumba, anapigana na wakubwa wa nyota nzima. Kwa nini? Mnaniletea mapenzi! Mnaniletea ugomvi wa shamba! Kwenye nyota kuna shamba?"

Wasaidizi wake wawili walitazama viatu vyao. Mgeni mwenye mvi, aliyekuwa kwenye kiti cha karibu na mlango na kijidaftari chake gotini, alikuwa akichezea kalamu.

Mama Chai aliijua tamthilia yote kwa kuisikia akimimina chai. Huko kwenye nyota watu hupimiwa hewa. Wakubwa huvuta watakavyo, wadogo hupewa chupa moja kwa siku. Kila akisikia hayo aliinamia birika, akaendelea kumimina.

Alikuwa na lake la kunyamazia. Kitinda mimba wake alikuwa anatafutwa, miezi minane sasa. Mara tatu wanaume wa serikali waliingia nyumbani kwake, wakachana godoro, wakamwaga unga sakafuni, wakauliza yuko wapi. Mara tatu aliwajibu, "Sijui, wanangu," huku akijua vizuri sana. Kila alfajiri alipiga magoti kumwomba Mungu amtie kufuli kinywani, na Mungu alimtia. Wenzi wawili wa mwanawe walikuwa wameshakamatwa. Walirudishwa kwa mama zao wakiwa wamefunikwa shuka.

Alikusanya vikombe akaenda jikoni, chumba cha sinki moja na jiko la umeme. Mgeni mwenye mvi akamfuata na birika, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Acha, kaka, hiyo kazi yangu."

"Siku ya tatu unaniambia niache. Mke wangu akisikia naosha vyombo kwa hiari yangu, ataita majirani waje washuhudie."

Mama Chai akacheka bila kutaka. Wale wengine walimkumbuka chai ilipopoa tu. Huyu alimwamkia, akampisha mlangoni, akamwuliza hali ya magoti yake. Hakuna aliyemtambulisha, lakini nani humtambulisha mtu kwa mpika chai?

"Umewasikia wale," mgeni alisema, akisuuza kikombe. "Wasomi watupu, na hawajui mtu huasi kwa nini. Hata mimi nimekwama. Wewe unaonaje, mama?"

"Mimi? Niliishia darasa la saba."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Tangu mumewe afariki, hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje jambo lolote. Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. Kamanda si mwanangu, alijiambia. Kamanda ni mtu wa kwenye runinga.

"Ni baba yake," alisema.

"Baba yake kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amelala hospitalini, kifua kimembana. Ana mtungi wake wa hewa. Kamanda yuko pembeni, kamshika mkono. Wanaingia watu wawili, wanauchomoa ule mtungi. Kuna mkubwa wodi ya juu ana mafua. Mafua tu, kaka! Kamanda anawauliza, 'Na baba yangu je?' Wanamwambia asubiri."

Akaukunja upindo wa kanga.

"Akasubiri. Mkono ukapoa akiwa ameushika."

Maji yalikuwa yakitiririka bure. Mgeni akafunga bomba. Macho yalikuwa yamemlowa, au Mama Chai aliona hivyo.

"Hiyo ndiyo sababu," mgeni alinong'ona. Akatoa kijidaftari. "Na baada ya hapo? Wanamsaka nyota nzima, hawamwoni. Anajificha wapi?"

Hapo Mama Chai akasita. Moyo ulimgonga mara moja, kama mtu mlangoni. Lakini ladha ya kusema ilikuwa imeshamwingia, na miezi minane ni mingi.

"Wao wanatafuta mbali," alisema. "Mtu kama yule haendi mbali. Baba yake alikuwa seremala. Angekaa pale pale kwenye karakana aliyofanyia kazi baba yake, juu darini, nyuma ya mbao. Mchana kutwa misumeno inalia. Nani atasikia mtu akikohoa?"

"Kwenye nyota kuna mbao, mama?"

Wakacheka wote wawili, yeye mpaka akashika ukingo wa sinki.

"Basi andika vyuma."

Mgeni akaandika.

Usiku huo Mama Chai alilala fofofo, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu awe mjane. Asubuhi alichemsha maji akiimba wimbo wa ibada chinichini. Aliwaza jinsi watu watakavyokaa mbele ya runinga zao na kumlilia mume wake bila kumjua jina.

Aliingia na sinia, kifua mbele. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Karatasi zilikuwa sakafuni.

"Kwa nini anaasi?" mwandishi mkuu alikuwa akiiuliza dari.

"Kwani hajawasomea?" Mama Chai alisema. Mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake ndani ya chumba kile.

"Nani?"

"Mwandishi mwenzenu. Yule mwenye mvi. Nilimpa sababu jana, akaiandika yote."

Wale watatu walitazamana.

"Mwandishi?" mwandishi mkuu alisema. "Mama, yule si shemeji yako? Alituambia wewe ndiye uliyemleta, akusaidie kubeba vikombe."