Ubavu wa Kulia

"Fukieni hilo shimo," Nyamusi alisema, akaketi ukingoni ili vijana wasiendelee kuchimba.

Shimo lenyewe lilikuwa dogo, la kutosha kisanduku tu. Walikuwa wamelichimba kule mwisho wa shamba, chai inapopakana na njia, mahali anapozikwa mtu asiye na mji, asiye na boma lake. Nyamusi alikuwa na miaka themanini na kitu, magoti yamemchoka, lakini ukaidi wake ulikuwa mzima. Mume huzikwa kwake, ubavu wa kulia wa nyumba, na mke huzikwa kushoto. Hilo hata mtoto wa hapa Marani analijua.

"Mume gani?" akauliza Anyona, mzee wa ukoo. "Mzungu alikuja, akatuandika, akaenda zake. Miaka sitini hata salamu hakuna. Leo analetwa akiwa jivu, ndio tumpe mahali pa mwenye mji?"

Yalimchoma Nyamusi maneno hayo, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Mzungu alifika Uhuru ukiwa bado, na hema na mashine ya kupiga chapa, kuchunguza mila za Abagusii. Hakuwa kama wale waliotangulia, waliowauliza wazee barazani kisha wakaondoka. Huyu aliketi jikoni, akapepeta wimbi na akina mama, akisema mambo ya wanawake wataulizwa wanawake wenyewe. Hata penye mama anayejifungua aliingia, na hakuna aliyemfukuza. Watu walisema ngozi nyeupe haina mlango uliofungwa. Nyamusi, msichana aliyekuwa amesoma kidogo misheni, ndiye aliyemfundisha Ekegusii, neno baada ya neno, wakicheka mpaka taa inaisha mafuta.

Kisha baba yake Nyamusi akataka kumwoza kwa mzee mwenye wake watatu. Mzungu akatoa ng'ombe wengi kumshinda yule mzee, na Nyamusi akahamia kwake. Hivyo ndivyo alivyoolewa, mchana kweupe, kwa desturi na mashahidi.

Baadaye Mzungu akarudi Ulaya kuandika kitabu. Bwana DC alikisoma, na zikaja amri mpya za mahari na mashamba. Ndipo watu wakajua kwamba yale waliyoyasema jikoni yalikuwa yamefika mbali. Tangu siku hiyo jina la Mzungu likawa chungu vinywani mwao, na Nyamusi akabaki peke yake kulibeba. Wanawe, Gibson na mdogo wake, walizaliwa Mzungu akiwa ameshaondoka, weusi tititi, na hata walioukasirikia mji ule hawakuwaita watoto wa haramu. Ng'ombe walikuwa wametolewa, kwa hiyo watoto walikuwa wa mji huo.

"Akizikwa huku mpakani, basi mimi sikuolewa," Nyamusi alisema. "Nikifa mtanitupa wapi? Na Gibson atalima hapa kwa jina la nani? Mtamfukuza kabla udongo wangu haujakauka."

Anyona alimtupia Gibson jicho. Wote walijua ni kweli angefanya hivyo.

"Hao ng'ombe nani aliwapeleka kwa baba yangu?" Nyamusi akaendelea. "Si ni baba yako? Si yeye alisimama mbele ya watu akasema, huyu Mzungu sasa ni wetu, ni wa mlango wangu? Sema basi baba yako alikuwa mwongo, na mimi nitanyamaza."

Anyona aliwageukia wale vijana. Marehemu baba yake hakuwahi kuitwa mwongo na mtu.

"Chimbeni kulia," akasema mwishowe. "Na mfanye haraka, jua likizama Sabato inaingia."

Gibson alichukua jembe mwenyewe, hakumngoja mtu. Nyamusi alimtazama mwanawe akichimba, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akalia.

Sheryl Ombok alikuwa amesimama kando, akimsubiri mgeni. Alikuwa mhadhiri mjini Kisii, binti wa watu wa ziwani, na ndiye aliyeandikiana na jamaa za marehemu mpaka wakakubali kuleta majivu. Kitabu kile alikifundisha darasani. Alipenda kusema kwamba ndicho kilichowazuia wasomi wa Ulaya kumwona mwanamke Mwafrika kama bidhaa tu.

"Na mimi ameniandika vipi humo?" Nyamusi aliwahi kumuuliza.

"Mama, kitabu chenyewe ni kirefu," Sheryl alijibu siku ile, akageukia simu yake.

Gari likaingia uani. Mzungu mmoja mzee, mwenye kofia ya jua, akashuka polepole akiwa amekumbatia kisanduku cha mbao. Akina mama wakaanza kulia kwa sauti. Nyamusi akajikongoja mpaka mbele yake na kunyoosha mikono, lakini mgeni alikikaza kisanduku kifuani, akasema jambo kwa Kiingereza.

Sheryl hakutafsiri mara moja. Uso ulimbadilika.

"Anasema nini?" Nyamusi akauliza. "Sema, mwanangu. Mimi nimesikia mengi."

"Anasema... hawezi kumpa mtu yeyote tu. Alipokuwa akikata roho, marehemu aliagiza kisanduku apewe mtu mmoja, kama bado yu hai. Anauliza kama yuko hapa." Sheryl akakwepa macho ya Nyamusi. "Anamtafuta mtumishi wa shangazi yake, huyu marehemu."

Akina mama wakatazamana. Nyamusi alitazama shimo lililokuwa likimngoja mumewe, mwanamke aliyemtolea ng'ombe, ubavu wa kulia wa nyumba, kisha akanyoosha mikono tena.

"Mwambie ni mimi," akasema.